Udongo, maji, moto, upepo na anga: si miungu, wala si bidhaa

LEO, ndugu msomaji, nataka tutafakari swali ambalo limenifikia kwa ujumbe wa simu zaidi ya mara moja mwaka huu. Wanaouliza ni waumini wa hapa hapa Shinyanga, wengi wao akina mama na vijana wa vyuo. Wameona kwenye simu zao mafunzo ya yoga. Mwalimu ameketi chini, amekunja miguu, amefumba macho, anawaambia watu wavute pumzi polepole na kuitoa polepole. Hadi hapo hakuna neno. Kisha anaanza kueleza kwamba mwili wa mwanadamu umeundwa kwa vitu vitano vya asili, yaani ardhi, maji, moto, hewa na anga, na kwamba maradhi na fadhaa huja pale vitu hivyo vinapopishana. Hapo muumini anashtuka na kuuliza: je, Mkristo anayefuata mazoezi haya anatenda dhambi?

Najua wapo watakaocheka. Ngokolo na yoga, wapi na wapi? Sisi tunajua pamba, mpunga, ng'ombe, na Misa ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma. Lakini simu imefika kila nyumba, na Wahindi wenyewe si wageni kwetu. Walifika Usukumani tangu enzi za wakoloni kwa maduka na biashara ya pamba, na wazee wetu waliishi nao bila kuwauliza wanasali vipi. Tangu Umoja wa Mataifa ulipoitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, mwezi Desemba 2014, mazoezi hayo hufanyika hadharani hata Dar es Salaam. Kwa hiyo swali ni halali, nami sitalikwepa.

Kwanza tuwe waungwana. Tusikemee kitu tusichokijua, maana hata sisi hatupendi mtu akisema Wakristo hula nyama ya mtu kwa sababu amesikia nusu ya maneno ya Ekaristi.

Mafundisho haya ni ya kale sana. Katika maandiko ya Kihindi yaitwayo Taittiriya Upanishadi kuna mpangilio unaosema kwamba kutoka kwa Nafsi kuu ilitoka anga. Katika anga ikatoka hewa. Katika hewa moto. Katika moto maji. Katika maji ardhi. Katika ardhi mimea. Katika mimea chakula. Na katika chakula mwanadamu. Ona kwamba wanaanza na kitu chepesi kuliko vyote na kushuka hadi kizito. Kila kimoja wamekifungamanisha na mlango mmoja wa fahamu. Anga, waiitayo akasha, ni ya kusikia; hewa ni ya kugusa; moto ni wa kuona; maji ni ya kuonja; na ardhi ni ya kunusa. Mtu wa Shinyanga hahitaji kwenda India kulielewa hilo la mwisho. Mvua ya kwanza ikipiga udongo uliokauka miezi mitano, ile harufu inayopanda inamwita kila mtu mlangoni, hata mgonjwa.

Katika mazoezi, walimu wa yoga hupanga vitu hivyo mwilini: ardhi chini kabisa mwisho wa uti wa mgongo, juu yake maji, kisha moto usawa wa tumbo, hewa kwenye moyo, na anga kooni. Wengine hutumia vidole: gumba ni moto, cha shahada ni hewa, cha kati ni anga, cha pete ni ardhi, kidogo ni maji. Kuvikutanisha vidole kwa namna fulani huku ukipumua kwa utaratibu kunahesabiwa kuwa njia ya kurudisha ulinganifu. Na kuna ibada ya ndani zaidi, ambamo mtu husafisha vitu hivi vitano kwa mawazo, kimoja baada ya kingine, vikirudi vilikotoka. Patanjali, anayehesabiwa kuwa mtunzi wa mafundisho ya msingi ya yoga, anafundisha hata kwamba anayevitafakari kwa kina huvitawala. Lakini shabaha kuu si kutawala. Shabaha ni nafsi ijitambue kuwa si udongo wala maji wala moto, ijitenge navyo, iwe huru.

Si upuuzi huo. Ni fikra ya watu waliokaa kimya muda mrefu wakijichunguza. Wagiriki nao walihesabu vitu vinne, ardhi, maji, hewa na moto, na Aristotle akaongeza cha tano cha huko juu mbinguni. Wanadamu wengi wameketi usiku wakijiuliza wameumbwa kwa nini.

Sasa Biblia inasema nini? Fungua Mwanzo sura ya 2, mstari wa 7. Mungu anachukua mavumbi ya ardhi, anamfinyanga mtu, anampulizia pumzi puani. Kwa hiyo tusimwambie mwalimu wa yoga kwamba amekosea anaposema tumetokana na udongo na hewa. Jumatano ya Majivu kila mwaka padre anatuambia jambo hilo hilo usoni, nasi tunapanga foleni kuambiwa. Tofauti ipo kwingine. Katika Mwanzo yupo Mmoja asiyekuwa udongo wala pumzi, ambaye mikono yake ndiyo inayofinyanga. Vitu havitoki ndani yake kama maji yanavyotoka kwenye chemchemi. Anavifanya, anaviangalia, anasema ni vyema, na vinabaki kuwa vitu.

Wenye Biblia ya Kikatoliki wasome Kitabu cha Hekima, sura ya 13. Wenzetu Waluteri na wa AIC hawanacho katika orodha yao, lakini hakuna anayekatazwa kuazima kwa jirani. Mwandishi anawataja kwa majina: moto, upepo, hewa iendayo kasi, mzunguko wa nyota, maji yenye nguvu. Anasema watu walivutwa na uzuri wake hata wakavidhania kuwa miungu. Ninachokipenda ni kwamba hawatukani. Anasema lawama yao ni ndogo, maana walikuwa wakimtafuta Mungu. Kosa lao ni kwamba waliishia njiani. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu wa Tagaste katika Algeria ya leo, anasimulia katika kitabu cha kumi cha Maungamo jinsi alivyoiuliza nchi, bahari, upepo na mbingu kama ndivyo Mungu wake. Kila kimoja kilimkatalia na kumwelekeza kwa aliyekifanya.

Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai na Wagalatia, anawaonya wasirudi utumwani chini ya kitu anachokiita kwa Kigiriki stoikeia za ulimwengu. Watafsiri wetu wamehangaika na neno hilo; wengine wameandika mafundisho ya awali ya ulimwengu, wengine roho watawala. Lakini katika 2 Petro 3:10, neno lile lile limetafsiriwa kuwa viumbe vya asili, vile vitakavyoungua siku ya mwisho. Wataalamu wanabishana kuhusu maana yake katika kila barua, nami siwezi kuwaamulia. Ninachokiona ni kwamba Paulo hasemi udongo na maji ni vibaya. Anachokataa ni mtu aliyebatizwa kurudi kuviogopa na kuvitumikia, kana kwamba ndivyo vilivyoshika hatima yake.

Jibu langu basi, mama uliyeniandikia kuhusu mgongo wako, ni hili. Kunyoosha viungo si dhambi. Kupumua kwa utaratibu si dhambi. Wakristo wa Mashariki, Waorthodoksi, wamelitaja jina la Yesu wakilifuatisha na pumzi kwa karne nyingi. Barua iliyotoka Vatikano Oktoba 15, 1989, chini ya Kardinali Ratzinger, kuhusu namna za kutafakari kwa Kikristo, haikupiga marufuku. Ilikubali kwamba njia nyingine za kimwili zaweza kumsaidia anayesali atulie mbele za Mungu hata akiwa katika misukosuko. Ilichoonya ni mtu kudhani utulivu wa mwili ndio faraja ya Roho Mtakatifu. Basi nyoosha mgongo wako. Ila mwalimu akikwambia kwamba kwa vidole na pumzi unajisafisha ndani hata usihitaji kusamehewa na mtu yeyote, hapo mshukuru kwa mazoezi, kunja mkeka, uende kuungama.

Ningeweza kuishia hapa, na gazeti lingetoka. Lakini tukiishia hapa tutakuwa tumepigana na jirani aliye mbali huku mwizi yuko ndani.

Hebu niulize, ndugu msomaji. Hapa kwetu, ni nani hasa anayewafundisha watu kutegemea udongo, maji na moto? Si Mhindi. Sijapata kusikia mtu wa Ngokolo aliyeuza kiwanja kwa sababu ya yoga. Nimesikia waliouza ng'ombe na viwanja kwa ajili ya maji ya upako, chumvi ya upako, mafuta ya upako na udongo ulioombewa, uliofungwa katika mfuko wa plastiki na kupewa bei. Udongo, maji, moto: ni vile vile vya akasha na wenzake, tofauti ni kwamba mwenzetu wa India anaambiwa akae kimya avitafakari, na sisi tunaambiwa tuvinunue.

Usiku wa Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika ibada, walipokuwa wakiwahi kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini. Ishirini! Walikuwemo watoto. Tuliomboleza wiki moja, halafu foleni zikaendelea.

Wapo watakaonirudi kwamba hata Wakatoliki mna maji ya baraka. Ni kweli, na pale mlangoni pa kanisa hayana bei. Elisha alipomponya Naamani ukoma, katika 2 Wafalme sura ya 5, yule jemadari alitaka kulipa, nabii akakataa kabisa. Kisha Naamani akaomba udongo! Soma mstari wa 17: alitaka mzigo wa nyumbu wawili wa udongo wa Israeli, apate kumwabudu Bwana juu yake huko Shamu. Elisha hakumkatalia, wala hakumfundisha kwamba udongo ule una nguvu. Alimwambia aende kwa amani. Aliyeona biashara pale ni Gehazi, mtumishi wa nabii. Akakimbia nyuma ya gari la Naamani, akatunga uongo, akapata fedha na mavazi, na akarudi na ukoma wa Naamani. Mahubiri ya Naamani nimeyasikia mara nyingi. Ya Gehazi, sikumbuki.

Na upande wa pili wa barabara yuko mganga. Katika ukanda wetu huu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Bukombe hadi Geita, kijana akiingia kwenye duara na kutoka mikono mitupu miezi mitatu, hawazi kwamba mwamba umeisha. Anaambiwa ardhi imefunga na inataka kitu. Tunajua ilivyotaka. Kati ya mwaka 2006 na 2009 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa Kanda ya Ziwa kama wanyama, kwa sababu mtu fulani alimwambia mchimbaji au mvuvi kwamba viungo vyao vitaivuta dhahabu juu na samaki wavuni. Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa kiume. Je, wangapi waliohusika na mambo yale walikuwa wamebatizwa? Sina hesabu, lakini majina yaliyosomwa mahakamani nyakati zile mengine yalikuwa ya watakatifu.

Niongeze la moto, maana linaniuma zaidi. Kwa miongo mingi Shinyanga imejulikana kwa mauaji ya vikongwe, wanawake hasa, kwa sababu ya macho mekundu. Bibi aliyepika miaka hamsini juu ya mafiga matatu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe, macho yatakuwa meupe kwa njia gani? Moshi ule ndio uliowalisha wajukuu. Kisha wajukuu wale wale wakikua na mtoto akifa kwa malaria, wanayatazama macho ya bibi na kusema ni mchawi. Hiyo ndiyo imani ya vitu vya asili ninayoiogopa mimi. Anayepumua kwa utaratibu juu ya mkeka hajamchinja mtu.

Tena tazama tunavyovitendea vyenyewe, hivi tunavyodai ni kazi ya mikono ya Mungu. Pale kwenye mialo ya Geita, mawe yakishasagwa kwenye karasha, kijana hutia zebaki kwa mikono mitupu, inaishika dhahabu, anaikamua kwa kitambaa, kisha anaichoma. Wakati mwingine huichoma jikoni, kwenye jiko hilo hilo la mkaa la mkewe. Zebaki inageuka mvuke usioonekana. Hewa inaibeba, mapafu ya mama mjamzito yanaipokea, inapanda kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Inayobaki inashuka ardhini, inaingia majini, inafika kwa samaki, na samaki anarudi mezani. Ardhi, moto, hewa, maji, vyote vinne vimetiwa sumu kwa asubuhi moja ya kazi. Vipo vifaa vya kunasa mvuke huo na si vya gharama kubwa. Jumapili yule kijana anakuja kanisani na sadaka yake, nasi tunaipokea, tunaibariki, hatumuulizi alichomea wapi.

Hata hivyo tumewahi kufanya vizuri, na hilo tusilisahau. Mkoa huu uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Miti ilifyekwa ili kuua mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, hadi upepo ukawa unabeba udongo wetu tukiuona. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na uliendelea hadi 2004. Siri yake haikuwa miche ya kutoka nje. Waliwarudisha watu kwenye ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho mvua zikiwepo, lijikuze lenyewe, lifunguliwe kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalirudi kuwa kijani kwa sababu watu walikubali kuacha. Walitoa nafasi, nayo ardhi ikafanya iliyobaki.

Neno hilo, nafasi, linanirudisha kwenye kile kitu cha tano cha wenzetu, anga, ambacho nilikipita haraka. Wanasema akasha ni ya kusikia, kwa kuwa pasipo na nafasi hakuna sauti. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Anatoka kwenye ukame wa miaka mitatu, amechoka, anataka kufa. Mlimani Horebu unapita upepo wa kupasua miamba, na Bwana hayumo. Ardhi inatetemeka, hayumo. Moto unawaka, hayumo. Baada ya vyote hivyo ndipo ukaja mnong'ono mdogo, naye Eliya akajifunika uso kwa vazi lake. Kama Bwana hakuwamo katika upepo wa Horebu, kwa nini tumtafute katika chupa ya mtu ya nusu lita?

Hapo ndipo nakiri kwamba mwenye mkeka anatushinda. Yeye walau amejifunza kunyamaza. Sisi tumejaza kila nafasi. Makanisa yetu, yote, ya kwangu likiwemo, yana spika kubwa kuliko jengo. Usiku wa mkesha wa Pasaka tunawasha moto mpya nje, tunabariki maji, tunaingia gizani na mshumaa mmoja: vitu vyote vipo, vimepangwa na Kanisa kwa hekima ya karne nyingi, lakini dakika ya giza ikizidi kidogo utasikia mtu anajaribu kipaza sauti. Utaratibu wa Misa wenyewe unataka kimya baada ya komunyo, ili mtu aliyempokea Bwana aongee naye. Wiki ijayo ukiwa kanisani kwako, popote ulipo, hesabu kimya hicho kinadumu sekunde ngapi. Kwetu, kinanda huanza kabla padre hajaketi, na kabla kinanda hakijanyamaza, katibu wa parokia ameshasimama na matangazo mkononi.